Mjadala wa Ushoga na Swali Lililo Nyuma Yake: Tendo la Ndoa Lina Kusudi Gani?

Mtu mmoja anasema ushoga ni dhambi. Wa pili anamjibu kwamba mashoga wamezaliwa hivyo. Wa tatu anaingia na kusema serikali haina haki ya kuchungulia vyumba vya watu. Anayewasikiliza atadhani hao watatu wanabishana, kumbe hakuna hata mmoja aliyemjibu mwenzake. Wa kwanza amezungumzia hukumu ya Mungu juu ya tendo, wa pili amezungumzia chanzo cha mwelekeo, na wa tatu amezungumzia mipaka ya sheria. Mtu anaweza, bila kujipinga hata kidogo, kuamini kwamba tendo hilo ni dhambi, kwamba mwenye mwelekeo huo hakuuchagua, na kwamba kumtia gerezani ni dhuluma. Wapo wengi wenye msimamo huo hasa, ingawa sauti zao hazisikiki kwa kuwa haziifurahishi kambi yoyote.

Makala hii haikusudii kumwamulia msomaji la kuamini. Inakusudia kutenganisha nyuzi zilizosokotana, na katika kuzitenganisha nitashikilia jambo moja: kwamba mjadala huu, licha ya jina lake, hauwahusu mashoga peke yao. Nyuma yake kuna swali linalomgusa kila mtu, aliyeoa na asiyeoa, nalo ni hili: tendo la kujamiiana ni la nini, na ni kitu gani hasa kinacholifanya liwe halali? Anayetoa jibu kwa ajili ya mashoga amekwisha kutoa jibu kwa ajili yake mwenyewe pia, na mara nyingi hajaketi kulipima.

Kinyume cha maumbile

Hoja inayosikika kuliko zote ni kwamba ushoga ni kinyume cha maumbile. Hoja hii hubeba maana tatu tofauti, na msemaji huhama kutoka moja hadi nyingine bila yeye mwenyewe kutambua.

Maana ya kwanza ni kwamba jambo hili halipatikani kwa viumbe wengine. Kwa maana hiyo dai si la kweli. Tabia za kujamiiana baina ya wanyama wa jinsia moja zimeshuhudiwa katika spishi nyingi, na watafiti wa mifugo waliochunguza kondoo wamekuta kwamba takriban asilimia 8 ya madume hupendelea madume wenzao hata pale majike wanapokuwapo. Lakini wanaoshangilia habari za kondoo hao nao wasifurahi mapema. Simba dume anapotwaa kundi jipya huwaua watoto wa dume aliyemtangulia, na hakuna anayependekeza kwamba baba wa kambo waige mfano huo. Mnyama si kadhi wala padri. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alikwisha kuonya, yapata mwaka 1740, juu ya waandishi wanaoeleza mambo jinsi yalivyo, kisha ghafla wakaruka kwenye yanayopasa kuwa, bila kuonyesha daraja walilolipitia. Onyo hilo linawahusu wanaomlaani shoga kwa kutaja wanyama na wanaomtetea kwa kuwataja hao hao.

Maana ya pili ni ya idadi: walio wengi hawako hivyo. Hii si hoja ya maadili hata kidogo. Mapacha ni wachache, na watakatifu ni wachache zaidi.

Maana ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya kusudi. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba kila uwezo wa binadamu una lengo lake, na kwamba akili inapolitambua lengo hilo inautambua pia wema. Uwezo wa kujamiiana umeelekezwa kwenye kuzaa na kulea watoto ndani ya ndoa. Kwa hiyo kuutumia kwa namna inayofunga njia ya uzazi ni kuupotosha. Ikumbukwe kwamba hoja hii haikutungwa kwa ajili ya mashoga, bali iliwabana wenye ndoa na waseja kwa pamoja. Katika mpangilio wa Aquinas wa dhambi za tamaa, matendo yaliyo kinyume cha maumbile ndiyo mabaya kuliko yote, na miongoni mwake ni tendo la mtu kujichua peke yake. Yanakaa juu ya uzinzi, na hata juu ya kumtwaa mwanamke kwa nguvu, pale tamaa inapopimwa kwa kipimo cha kusudi la tendo na si kwa dhuluma anayotendewa mwingine. Msomaji wa leo, hata aliye Mkatoliki wa msimamo, atakunja uso akiusoma mpangilio huo. Kukunja huko uso ni ushahidi kwamba ameshaanza kupima maadili ya ngono kwa kipimo kingine, yaani kama kuna mtu aliyedhulumiwa, hata kama hajakiri hivyo.

Mtihani mkubwa wa hoja ya kusudi ulikuja kwa njia ya uzazi wa mpango. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 makanisa ya Kikristo kwa ujumla yalikataa njia za kuzuia mimba. Mwaka 1930 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walifungua mlango kwa wanandoa katika mazingira maalumu, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yakafuata. Papa Paulo VI, mwaka 1968, alikataa kuufungua. Miaka minne baadaye mwanafalsafa Mkatoliki wa Uingereza, Elizabeth Anscombe, aliwakumbusha Wakristo wenzake jambo ambalo wengi wao hawakutaka kulisikia: ukishakubali tendo la ndoa lililozuiwa kuzaa kwa makusudi, umeubomoa msingi uliokuwa ukisimamia katazo la matendo ya watu wa jinsia moja. Hakusema hivyo ili kuwatetea mashoga. Alisema ili kuwaonya wanandoa. Lakini hoja ni ile ile ukiitazama kutoka upande wowote, na mchungaji anayehubiri dhidi ya ushoga kwa kutaja kusudi la uzazi, ilhali yeye na mkewe wanatumia vidonge, ana deni la maelezo.

Tuitazame hoja hiyo kwa karibu zaidi. Mjane wa miaka 70 na mgane wa miaka 72 wanakwenda kufunga ndoa. Hakuna kanisa linalowakatalia kwa sababu hawatazaa. Kama kusudi la tendo ni uzazi, kwa nini wao wabarikiwe na wanaume wawili wanaopendana wakataliwe, wakati nyumba zote mbili hazitasikia kilio cha mtoto? Watetezi wa kisasa wa sheria ya maumbile, yaani mafundisho haya ya kusudi, akiwamo mwanafalsafa wa sheria John Finnis, wanajibu kwamba wazee hao bado wanafanya tendo la aina inayozaa, hata kama halitazaa. Miili yao inaungana katika kazi moja ya kibiolojia ambayo kila mmoja peke yake ana nusu yake tu. Nadhani jibu hilo lina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri, kwa kuwa linaeleza tofauti ambayo watu wengi wanaihisi bila kuweza kuitamka. Lakini lina gharama. Likishasema kwamba uzazi wenyewe si lazima, linabaki na jukumu la kueleza kwa nini muungano wa miili wa aina hiyo ni jambo jema kwa nafsi yake hata pale ambapo hakuna kitakachotoka humo, na kwa nini upendo, uaminifu na kuuguzana, ambavyo ndivyo tunavyowasifia wazee wale, visitoshe. Hapo ndipo wanaoshawishika na wasioshawishika huachana.

Jambo linalosahaulika ni kwamba si dini zote zinazofika kwenye katazo kwa njia hii. Katika fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria za dini, wanazuoni walio wengi waliruhusu azli, yaani mume kumwaga nje ili kuepuka mimba, wakitegemea hadithi ya sahaba Jabir kwamba walikuwa wakifanya hivyo wakati Qur'ani ikiteremshwa. Mwanazuoni mashuhuri Al-Ghazali alikwenda mbali hadi kukubali azli kwa ajili ya kuhifadhi uzuri wa mke. Kwa hiyo Mwislamu anayekataza liwati, yaani wanaume kuingiliana, hakatazi kwa sababu tendo halizai. Anakataza kwa sababu Mwenyezi Mungu amelikataza, na kwa sababu uhalali wa tendo unatokana na mkataba wa nikahi, ambao una pande zake zinazojulikana. Imamu na askofu wanaweza kukaa meza moja wakitoa tamko la pamoja, huku hoja ya mmoja ikiivunja hoja ya mwenzake.

Maandiko na wasomaji wake

Kwa muumini, mjadala wa maumbile ni wa ziada. Neno la Mungu linatosha. Katika Biblia aya zinazotajwa ni chache na zinajulikana: Mambo ya Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26–27, 1 Wakorintho 6:9, na kisa cha Sodoma katika Mwanzo 19. Katika Qur'ani kisa cha watu wa Lut kinarudiwa katika sura kadhaa, na katika Al-A'raf 7:80–81 Nabii Lut anawakemea kwa kuwaendea wanaume kwa matamanio badala ya wanawake.

Tangu katikati ya karne ya 20 wapo wasomi wa dini wanaosoma aya hizi upya. Wanasema dhambi ya Sodoma ilikuwa jeuri dhidi ya wageni na jaribio la kuwabaka, wala si mapenzi ya hiari. Wanataja Ezekieli 16:49, ambapo hatia ya mji ule ni kiburi, shibe na kutomjali maskini. Wanasema pia kwamba Paulo aliishi katika ulimwengu ambao mahusiano ya wanaume aliyoyaona yalikuwa ya mabwana na watumwa, au ya watu wazima na vijana, na kwamba hakuwa na picha ya watu wawili walio sawa wanaoahidiana uaminifu wa maisha.

Kwa maoni yangu, usomaji huo umefaulu nusu. Kuhusu Sodoma, hoja ni nzuri, ingawa aya inayofuata katika Ezekieli inataja pia machukizo. Kuhusu Walawi na Warumi, hoja ni dhaifu zaidi: Walawi 20:13 inawahukumu wote wawili, jambo ambalo lisingeeleweka kama aya ingekuwa inazungumzia ubakaji, na katika Warumi Paulo anazungumzia watu wanaotamaniana wenyewe kwa wenyewe. Anayetaka kuwa muumini na kuyakubali mahusiano haya kwa wakati mmoja anasimama imara zaidi akisema waziwazi kwamba anaisoma sheria hiyo kama makanisa yalivyokuja kuzisoma aya za utumwa au za riba, kuliko akidai kwamba maandishi hayasemi kile yanachosema. Naye anayeshikilia katazo anapaswa kueleza kwa nini aya hii inabaki na nguvu zake zote wakati jirani zake katika ukurasa ule ule, kama katazo la kulala na mke aliye hedhini, hazihubiriwi tena makanisani. Maelezo yapo, kwa mfano mgawanyo wa kale kati ya sheria za ibada na sheria za maadili. Ila yatolewe.

Amezaliwa au amejifunza?

Hakuna sehemu ya mjadala huu inayopoteza muda wa watu kama hii. Upande mmoja unasema ni tabia ya kuiga, upande mwingine unasema ni jeni, na kila upande unaamini kwamba ukishinda hapo umeshinda kila kitu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kuhusu mapacha ulikuta kwamba, kati ya wanaume mashoga wenye pacha wa kufanana, asilimia 52 ya mapacha wao nao walikuwa na mwelekeo huo, dhidi ya asilimia 22 kwa mapacha wasiofanana na asilimia 11 kwa ndugu wa kulelewa. Wahusika walipatikana kwa matangazo, na tafiti za baadaye zilizotumia sampuli pana zaidi zimetoa viwango vya chini. Mwaka 2019 ukaja uchunguzi wa vinasaba vya watu karibu nusu milioni, ambao haukukuta "jeni la ushoga" hata moja. Ulikuta maeneo machache yenye mchango mdogo sana, na ukakadiria kwamba vinasaba vyote kwa pamoja vinaeleza sehemu tu ya tofauti kati ya watu, kati ya asilimia 8 na 25. Urithi una nafasi yake, mazingira ya tumboni huenda yana nafasi yake, na hakuna ushahidi mzuri kwamba mtu huketi siku moja akajichagulia wa kumtamani. Wewe mwenyewe, msomaji, hukumbuki siku uliyoamua.

Habari za kubadilisha mwelekeo zina fundisho lake. Daktari wa akili wa Marekani Robert Spitzer alikuwa miongoni mwa waliosukuma ushoga uondolewe katika orodha ya magonjwa ya akili ya nchi hiyo mwaka 1973, hatua ambayo Shirika la Afya Duniani liliifikia mwaka 1990. Lakini mwaka 2003 Spitzer huyo huyo alichapisha utafiti uliosema baadhi ya watu wanaweza kubadilika kwa tiba, na kwa miaka tisa jina lake likawa ngao ya wanaotoa tiba hizo. Mwaka 2012 aliukana utafiti wake na kuomba radhi, akikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama maelezo ya wahojiwa yalikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata Exodus International, lililokuwa shirika kubwa la Kikristo la kuwabadilisha mashoga, lilijifunga lenyewe na kiongozi wake akaomba msamaha.

Pamoja na hayo yote, swali la maadili limebaki pale pale. Mtu hachagui kuwa mwepesi wa hasira, lakini anawajibika kwa ngumi anayorusha. Kwa hiyo "nimezaliwa hivi" haitoshi kuhalalisha tendo. Na kwa upande mwingine, dini ya mtu ni jambo anaweza kulibadilisha kesho asubuhi, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo ni halali kumtesa kwa ajili yake. Kwa hiyo "amechagua" nayo haitoshi kumhukumu. Hoja ya chanzo inasaidia mahali pamoja tu, nalo si dogo: inaondoa lawama kwa wazazi wanaodhani walikosea malezi, na inaondoa uhalali wa kumlaumu kijana kwa hisia ambazo hakuziita. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, inayosema matendo yenyewe yamevurugika kwa asili yake, inatenganisha mwelekeo na tendo, na inataka wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma bila ubaguzi usio wa haki.

Ridhaa peke yake

Wanaokataa hoja ya kusudi kwa kawaida huweka ridhaa mahali pake: watu wazima wawili wakikubaliana, na wasimdhuru mwingine, hakuna kosa. Kanuni hii ina sifa kubwa. Inaeleza vizuri kwa nini ubakaji ni uovu mkubwa kuliko mengine yote ya aina hii, jambo ambalo hoja ya kusudi ililieleza vibaya. Inamlinda mtoto bila shaka yoyote, kwa kuwa mtoto hawezi kuridhia. Ndiyo maana hofu kwamba kuukubali ushoga ni kufungua njia ya kuharibu watoto haina msingi katika mantiki ya kanuni yenyewe. Mwenye kumnajisi mtoto wa kiume na mwenye kumnajisi mtoto wa kike wanatenda kosa moja, na waathirika wengi duniani ni wasichana.

Hata hivyo kanuni ya ridhaa nayo ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kaka na dada watu wazima walioridhiana wamekosa nini? Swali hilo lilifika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilikubali kwamba sheria ya kuwaadhibu ni halali, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuitengua mwaka 2012. Majaji walitaja ulinzi wa familia na afya ya watoto watakaozaliwa, lakini hoja ya kwanza haiko ndani ya ridhaa, na ya pili haiwahusu ndugu wasioweza kuzaa. Vilevile mume na mke waliokubaliana kila mmoja awe na wapenzi wa nje hawajamdanganya mtu, na bado watu wengi, wakiwamo watetezi wa haki za mashoga, wanahisi kuna kitu kimepungua. Anayesema ridhaa inatosha ama akubali matokeo hayo yote, ama akiri kwamba anatumia kipimo cha pili ambacho hajakitaja. Kipimo hicho kwa kawaida ni uaminifu, usawa na kutomtumia mtu kama chombo, na kikishatajwa, mjadala unageuka kabisa: swali linakuwa namna watu hao wawili wanavyotendeana, zaidi ya jinsia zao. Kwa kipimo hicho mume anayemlazimisha mkewe ana hali mbaya kuliko wanaume wawili walioishi kwa uaminifu miaka 30. Mpinzani atajibu kwamba uaminifu ndani ya jambo lisilo halali haulihalalishi, na atakuwa na haki ya kujibu hivyo, mradi aonyeshe uharamu huo ulitoka wapi.

Hoja ya madhara ya kiafya, ambayo pande nyingi huikimbilia kwa kuwa inaonekana ya kisayansi, haibebi mzigo inaobebeshwa. Ni kweli kwamba baadhi ya matendo yana hatari kubwa zaidi ya maambukizi. Lakini wanawake wanaofanya mapenzi na wanawake wenzao wana hatari ndogo ya virusi vya UKIMWI kuliko wanawake wenye waume. Kama afya ingekuwa ndiyo maadili, usagaji ungesifiwa. Hakuna anayekubali hitimisho hilo kati ya wanaotoa hoja hiyo, maana yake afya haikuwa sababu yao tangu mwanzo.

Dhambi na jinai

Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba katika Uingereza matendo ya faragha ya wanaume wazima walioridhiana yasiwe jinai tena, kwa kuwa kuna eneo la maadili binafsi ambalo si kazi ya sheria. Kamati haikusema matendo hayo ni mema. Jaji Patrick Devlin alijibu mwaka 1959 kwamba jamii hushikiliwa na maadili ya pamoja, na kwamba jamii isiyoyalinda kwa sheria hujibomoa kama isiyojilinda dhidi ya uhaini. Mwanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart akamuuliza ushahidi uko wapi: ni jamii gani imesambaratika kwa sababu iliacha kuwafunga watu wa namna hiyo? Kwake chukizo la watu wengi si kipimo salama. Tukumbuke kwamba watu wengi waliwahi kuchukizwa na ndoa za watu wa rangi tofauti. Sheria ilibadilishwa mwaka 1967, na Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Michael Ramsey, aliunga mkono mageuzi hayo huku akishikilia kwamba tendo ni dhambi.

Msimamo wa Ramsey haukuwa mpya wala wa kisasa kama wengi wanavyodhani. Aquinas yule yule aliyeweka matendo haya juu ya orodha ya dhambi za tamaa alifundisha kwamba sheria ya wanadamu isikataze kila uovu, bali ule mzito ambao watu wengi wanaweza kujizuia nao, na hasa unaowadhuru wengine. Katika fikihi, wakati madhehebu yote ya Sunni na ya Shia yalikubaliana kwamba liwati ni haramu, yalihitilafiana juu ya adhabu: Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, hakuiingiza katika hadi ya zinaa, yaani adhabu maalumu iliyopangwa na sheria, bali aliiacha katika taaziri, yaani adhabu inayoachiwa uamuzi wa hakimu, kinyume na wanafunzi wake wawili wakubwa. Zinaa yenyewe inahitaji mashahidi wanne walioona kwa macho, na Qur'ani 49:12 inawakataza waumini kupelelezana. Wanazuoni hao hawakuwa wakilegeza dini. Walijua kwamba kutamka kwamba jambo ni haramu ni kazi moja, na kuvunja mlango wa mtu ni kazi nyingine. Mwaka 2023 Papa Fransisko aliposema kuwa shoga si jinai, na kwamba lazima kwanza tutofautishe dhambi na jinai, alikuwa akirudia jambo la kale.

Sheria za namna hii pia huzaa maovu yake. Katika Uingereza, kifungu cha mwaka 1885 kilichoadhibu matendo ya faragha kiliitwa hati ya wanaotoza watu fedha kwa vitisho, kwa kuwa aliyepata barua ya mapenzi ya mtu mwenye cheo alikuwa amepata mshahara wa maisha. Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kuvunja siri za mawasiliano ya Ujerumani ya Hitler, aliripoti wizi nyumbani kwake mwaka 1952 na akaishia kushtakiwa yeye. Alipewa kuchagua kati ya gereza na tiba ya homoni za kufifisha tamaa, na alifariki mwaka 1954. Anayetetea adhabu za jinai anapaswa kuyaweka mezani matokeo hayo pamoja na kanuni yake.

Muumini aliye ndani

Wanaobishana mara nyingi huwa ni wale ambao jambo lenyewe haliwagusi. Kuna mtu wa nne ambaye hasemi kitu: muumini mwenye mwelekeo huu, ambaye amekubali kwamba tendo ni dhambi na anataka kutii. Mafundisho yanamtaka aishi useja. Padri naye huishi useja, lakini aliuchagua, akaandaliwa kwa miaka mingi, na jumuiya inamheshimu kwa ajili yake na kumtunza uzeeni. Muumini huyu anapewa mzigo ule ule bila maandalizi, bila heshima na mara nyingi bila mtu wa kumwambia, wakati Paulo aliyeusifu useja aliandika pia, katika 1 Wakorintho 7:9, kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Jumuiya inayomtaka abebe mzigo huo ina wajibu kwake, na wajibu huo hauwezi kuishia kwenye mahubiri ya kumkemea.

Badala ya kuutimiza, familia nyingi hutafuta njia ya mkato: humwoza. Hapo anaingia mwanamke ambaye hakuulizwa. Anaolewa akidhani ametakwa, kisha miaka inapita akijiuliza ana kasoro gani, mbona mumewe hamkaribii, mbona anamkwepa hata kwa macho. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa wote waliojua waliona ndoa ndiyo dawa na yeye ndiye kijiko cha kunywea. Ukiipima ndoa hiyo kwa kusudi la uzazi, huenda ina watoto watatu. Ukiipima kwa andiko, mkataba wake umekamilika. Ukiipima kwa ridhaa, aliridhia jambo ambalo alifichwa. Wanaotetea ndoa kwa nguvu zote ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kumkataza kijana wao asiingie katika ndoa ya namna hiyo, na kumlinda binti wa watu asitumiwe kuponya kitu ambacho tiba zenyewe zilishindwa kukiponya.